Mugongo unaouma: kulala ao kutembea?



Siku ya kupimisha watoto, pale munapongojea kwenye benchi, kuko neno moja tunalisikia kila mara: "Mama infirmiye, mugongo unanikata." Mwingine anasema kiuno, mwingine anasema mafigo. Mama mumoja anasimama na mikono miwili kiunoni, mwingine anashindwa kuinama kumuinua mutoto wake. Si ninyi peke yenu. Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, lilihesabu kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 619 waliumwa na sehemu ya chini ya mugongo. Ni kusema mutu mumoja katika watu 13 wa dunia nzima.

Na mashauri hayakosi! Mama muzazi anasema: "Lala, mutoto wangu, usitoke kitandani mupaka upone." Mama mukwe anasema: "Kaza kiuno kwa kikwembe." Jirani anajua muzee mumoja mwenye kuchanja kwa wembe na kupakaa dawa. Muuza dawa wa sokoni anasema: "Shindano tano tu, inaisha." Wote wanasema kwa mapendo, isipokuwa labda yule wa mwisho, kwa maana yeye anahesabu feza. Basi mama analala juma mbili, shamba linaota majani, watoto wanakula ovyo, mbuzi inauzwa kwa kulipa shindano. Nani amepima kama mashauri haya yanasaidia kweli?

Wamepima. Ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza leo.

USHUHUDA WA MUTU MUMOJA HAUTOSHI

Tuseme mama amejikunja alipoinua bido ya maji. Siku tatu hawezi hata kujifunga kikwembe. Siku ya tano anapigwa shindano, na siku ya nane anarudi shambani. Atasema nini kwa wenzake? "Shindano lile liliniponya." Na tutamusadiki, kwa sababu hasemi uongo, anasema vile alivyoona.

Lakini kuko jirani yake aliyeumia juma lile lile, hana hata franka moja, hakupigwa kitu. Siku ya nane yeye vilevile yuko shambani. Nani atasimulia habari ya huyu wa pili? Hakuna. Habari ya mutu aliyepona pasipo dawa haisimuliwi kwenye kisima.

Mugongo ulioanza kuuma juzi, mara nyingi unapunguka wenyewe katika majuma machache. Njo maana dawa yoyote inayotolewa siku hizo itapata sifa, hata kama ni maji yenye sukari. Tena fikirini neno hili: mutu hatafuti dawa siku maumivu ni madogo. Anatafuta siku yamezidi kabisa. Na kisha siku iliyo mbaya kupita zote, siku zinazofuata zinaelekea kuwa nzuri kidogo, uwe umemeza kitu ao hapana. Sifa inamwendea muuza dawa.

KUPIMA KWA KURA

Ninyi mulio wakulima mutaelewa upesi kuliko watu wa mujini. Mutu analeta mbegu mupya ya maharagi, anasema inazaa kupita ya zamani. Akipanda ile mupya bondeni kwenye udongo mweusi, na ya zamani akaipanda juu kwenye mawe, kisha akaja kukuonyesha mavuno, utamucheka. Utamuambia: "Panda zote mbili katika shamba moja, mustari huu na mustari ule, siku moja, tuone."

Wanganga wanafanya vilevile kwa dawa. Wanaita wagonjwa wengi wenye ugonjwa mumoja, wanawaeleza, na wale wanaokubali kwa hiari wanagawanywa katika makundi. Lakini hawagawanywi kwa kuchagua. Kama tukisema "anayetaka kulala alale, anayetaka kutembea atembee", wenye nguvu watatembea na wenye kuumia sana watalala, na hapo tumekwisha kupanda mbegu moja bondeni na ingine kwenye mawe. Kwa hiyo wanatumia kura. Kura haijui nani ni tajiri, nani ni jamaa ya munganga, nani anaumia zaidi. Kisha majuma fulani wanahesabu: waliopona ni wangapi huku, na wangapi kule.

Na kama ni kidonge wanachopima, mara nyingi kundi moja linapewa kidonge chenye sura ileile lakini pasipo dawa ndani, na mugonjwa hajui amepata kipi. Si kumudanganya, ameambiwa mbele na amekubali. Inafanyika hivi kwa sababu kumeza tu, na kutunzwa na mutu mwenye huruma, kunapunguza maumivu kidogo, na inafaa kutenganisha musaada huo na musaada wa dawa yenyewe.

Wengine wanaogopa, wanasema wanganga wanacheza na watu kama panya. Wamama wa Kivu ya Kaskazini wanaweza kutoa ushuhuda juu ya jambo hili. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa 11 wa mwaka 2018 mupaka mwezi wa 8 wa mwaka 2019, dawa nne zilipimwa kwa kura katika Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Wagonjwa walikuwa 681. Profesa Muyembe wa Kinshasa alikuwa mumoja wa waongozi wa kazi ile. Hakuna aliyeachwa pasipo dawa: kila mutu alipata moja katika zile nne, pamoja na maji na matunzo. Mwishoni waliona kwamba kwa dawa mbili, katika wagonjwa 100 walikufa karibu 35, na kwa mbili zingine walikufa karibu nusu. Mara wakasimamisha, wakaendelea na zile mbili zilizo bora. Moja yao asili yake ni damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Pasipo kura, mupaka leo tungekuwa tunabishana dawa gani ni gani.

Sasa turudi kwa mugongo, kwa maana huo hauui kama Ebola, lakini unaiba siku nyingi za mama.

WALIPIMA KULALA, WAKAONA NINI?

Vitabu vya zamani vya masomo ya infirmiye viliandika wazi: mugongo ukiuma, mugonjwa alale juma moja, mbili, tena juu ya ubao mugumu. Ilionekana kuwa ni akili. Kitu kinachouma kipumzishwe, siyo?

Katika mwaka 1986, wanganga wa Texas, kule Marekani, walichukua wagonjwa 203 wa mugongo. Kwa kura, wamoja waliambiwa walale siku mbili, wengine siku saba. Wale wa siku mbili walirudi kazini mbele ya wengine: siku walizokosa kazi zilipunguka karibu nusu. Na wale waliolala siku saba walipata faida gani? Hakuna faida iliyoonekana.

Katika mwaka 1995 wenzao wa Helsinki, katika Ufini, inchi ya baridi kule kaskazini mwa Ulaya, walitangaza jaribio lingine. Walichukua watu 186 waliotumika kazi za muji, wakafanya makundi matatu. La kwanza walale siku mbili. La pili wafanye mazoezi ya kukunja na kunyoosha mugongo. La tatu waendelee na kazi zao za kila siku, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kisha majuma matatu, na tena kisha majuma 12, kundi la tatu ndilo lilikuwa mbele ya yote. Waliolala walichelewa kupona kupita wote. Angalieni vizuri: siku mbili tu za kitanda, na zilichelewesha.

Juu ya nini? Nyama za mugongo ni kama kamba zinazosimamisha nguzo. Zikikaa pasipo kazi zinalegea upesi, na viungo vinakauka. Halafu woga unaingia. Mama aliyelala juma mbili anaposimama anatetemeka, anafikiri mugongo utavunjika, anatembea kama amebeba mayai. Kutembea vile peke yake kunaleta maumivu mapya.

Na vidonge? Katika mwaka 2014, kule Sydney katika Australia, watu 1652 wenye mugongo ulioanza kuuma karibuni waligawanywa kwa kura. Wamoja walimeza parasetamoli kila siku kwa saa zake, wengine walimeza paka siku maumivu yalipozidi, na wengine walimeza kidonge pasipo dawa. Nusu ya kila kundi ilipona kwa muda ulio karibu sawa kabisa: siku 17, siku 17, na siku 16. Parasetamoli ni dawa nzuri kwa homa ya mutoto, tusiitupe. Lakini haiharakishi mugongo kupona, na feza yake inaweza kununua samaki.

MUGONGO UNAOUMA MIEZI NA MIAKA

Kuko wamama ambao maumivu yao hayaishi kisha majuma machache. Yakipita miezi mitatu tunayaita maumivu ya kudumu. Hapa wengi wanafikiri kuko mufupa uliooza ao mushipa uliokatika, na wanatafuta picha ya radio katika kila muji. Mara nyingi picha haionyeshi kitu, ao inaonyesha uzee wa mifupa ambao hata wasioumwa wanao. Mama anarudi na huzuni, anafikiri watu watasema anajifanya.

Hajifanyi. Maumivu ni ya kweli. Lakini kazi ya mishipa ya kuleta habari ya maumivu ni kama kazi ya imbwa ya nyumba. Mwizi akija, imbwa inabweka, na ni vizuri. Lakini kuko imbwa ambayo, mwizi akiisha kwenda, inaendelea kubweka kwa kila upepo na kila kuku anayepita. Usingizi mubaya, huzuni, vita, deni, bwana anayekunywa, vyote vinaizidisha kubweka. Imbwa kama hiyo hainyamazishwi kwa shindano. Inazoezwa pole pole mupaka ijue tena kwamba kuinama si hatari.

Katika mwezi wa 12 wa mwaka 2023, OMS ilikusanya majaribio mengi ya kura juu ya maumivu ya kudumu ya mugongo wa chini, ikatoa mashauri kwa inchi zote. Inakubali mafundisho kwa mugonjwa, mazoezi ya mwili, musaada kwa moyo na mawazo, na kwa watu fulani dawa za jamaa ya ibuprofeni. Haikubali kutumia kwa desturi mikaba ya kukaza kiuno, wala kuvutwa mugongo kwa vyombo, wala dawa za jamaa ya morfini. Tramadoli inayouzwa sokoni ni ya jamaa hiyo. Inafunga mutu kama mulevi anavyofungwa na pombe. Kwa hiyo ndugu yangu, kikwembe kiunoni kisikukaze ukitegemea kitaponya. Kama kinakufariji saa moja unapokwenda sokoni, sina neno. Usikae nacho siku nzima.

KUTEMBEA SI KUBEBA

Hapa nataka musikilize sana, kwa maana naogopa somo hili litatumiwa vibaya nyumbani.

Katika mwaka 2024, tena kule Australia, watu 701 waliopona mugongo waligawanywa kwa kura. Nusu walifundishwa kutembea kwa miguu, wakiongeza kidogo kidogo mupaka dakika 30, mara tano kwa juma. Nusu hawakufundishwa kitu. Katika kundi la watembeaji, nusu ya watu walipitisha siku 208 mbele mugongo haujarudi kuwasumbua. Kwa wengine ilikuwa siku 112. Ni faida kubwa kwa kitu kisicho na bei.

Lakini mimi nauliza, na ninyi muulize pamoja nami: watu wale ni nani? Wengi wa kule wanakaa kwenye kiti na wanasafiri kwa gari. Mama wa kwetu anaamka gizani, anakwenda kisimani, anabeba bido ya litri 20, ni kusema kilo 20, kisha kuni kwa kamba inayopita kwenye kipaji cha uso, na mutoto juu yake. Hakuna munganga wa Helsinki ao wa Sydney aliyepima muzigo huo. Kwa hiyo mutu yeyote, awe bwana ao mama mukwe, asichukue karatasi hii na kusema: "Unaona, infirmiye ameandika kwamba kazi ni dawa, beba!" Sikuandika hivyo. Walichopima ni kutembea, na kuendelea na kazi za kila siku kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Hawakupima kubeba mihogo ya familia nzima.

Basi, ukiumia, usilale mchana kutwa. Kama siku ya kwanza inakata sana, jinyooshe kidogo, lakini amka kula, amka kuoga, zunguka nyumba. Kesho ongeza. Maji, uchote nusu mara mbili, ao utumie bido mbili ndogo, moja kila mukono, kusudi mwili usielemee upande mumoja. Unapoinua kitu, kileta karibu na tumbo, ukunje magoti. Usitwange sombe saa nzima pasipo kubadilisha. Twanga kidogo, chambua mboga ukiwa umekaa, rudia. Kuni zingojee ao zibebwe na kijana mwenye nguvu. Bwana naye ana mugongo.

Kwa maumivu ya kudumu, mazoezi mawili yanatosha kuanza. Lala chali juu ya mukeka, magoti yakunjwe, nyayo chini, inua kiuno pole pole, hesabu tatu, shusha. La pili, simama kwa mikono na magoti kama anayepangusa sakafu, panda mugongo juu kama paka, shusha. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Juma linalofuata mara saba. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si alama ya kuharibika. Lakini usifanye mara 30 siku ya kwanza kwa sababu ya furaha. Kesho yake utachukia mazoezi.

Wenye mimba: majaribio yaliyokusanywa mwaka 2015, yenye wamama zaidi ya 5000, yanaonyesha kwamba mazoezi yanaweza kupunguza maumivu ya mugongo wa mimba, hata ikiwa ushuhuda wake haujawa na nguvu sana. Zoezi la mikono na magoti linafaa kwenu. Lakini diklofenaki, indometasini na ibuprofeni, iwe vidonge ao shindano, musizipokee pasipo neno la munganga. Zinaweza kuumiza mutoto tumboni, zaidi katika miezi ya mwisho.

MUGONGO AMBAO HAUNGOJI

Yote niliyosema ni kwa mugongo wa kawaida. Kuko mwingine. Kama miguu inakufa nguvu, ao haushikilii mukojo, ao mukojo umefungana, ao huhisi kitu pale unapokalia, kuja hospitali siku ileile, hata usiku. Kama una homa, unatoka jasho usiku, unakonda, unakohoa, ao mufupa mumoja wa mugongo umetokeza kama nundu, inaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika mifupa. Dawa zake zinatolewa bure, na ukichelewa unaweza kupooza. Mwenye homa na mukojo unaochoma aje, ni mafigo kweli. Mwenye mimba ambaye maumivu yanakuja na kuondoka kama mawimbi mbele ya mwezi wake, aje. Na aliyeanguka, ao aliyepigwa, aje vilevile. Hatutauliza mbele ya watu nani amekupiga.

Ukija kwa sababu ya mugongo, lete pakiti na chupa zote za dawa ulizokwisha kutumia, hata zile za sokoni, hata kama zimekwisha. Utuambie maumivu yalianza lini, yanakuamusha usiku ao hapana, na unabeba nini kila siku, toka wapi mupaka wapi. Mutoto anayenyonya uje naye.